Kupanda Treni kwa Adabu Nchini Japani: Mwongozo kwa Mgeni na kwa Anayempokea

Vijana wetu wanaofika Japani kwa ufadhili wa masomo, na wengine wanaokwenda kwa kazi, biashara au matembezi, hukutana na treni kabla hawajakutana na jambo lingine lolote la nchi ile. Hutoka katika uwanja wa ndege wa Narita au wa Haneda wakiwa na masanduku mawili mawili, wakaingia katika behewa lililojaa watu ambalo ndani yake hakusikiki ila mlio wa magurudumu, na papo hapo wakahisi kwamba kuna taratibu ambazo kila mtu anazijua isipokuwa wao. Nimewapokea wageni wa namna hiyo mara nyingi, na kabla ya hapo nami nilipokewa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayefika na pia kwa ajili ya mwenyeji anayekwenda kumlaki, kwa sababu mgeni hujifunza haraka zaidi akiwa na mtu wa kumwelekeza kwa upole.

Ni vyema kuanza kwa kuondoa dhana moja. Utulivu wa treni za Japani si tabia ya kuzaliwa nayo. Ulifundishwa, na unaendelea kufundishwa kila siku kwa mabango, kwa alama zilizochorwa sakafuni, kwa matangazo ya kondakta na kwa mifano ya wazazi mbele ya watoto wao. Kilichofundishwa kwa mwenyeji kinaweza kufundishwa kwa mgeni. Neno la kulishika ni *meiwaku*, yaani usumbufu unaompata mtu mwingine kwa sababu yako. Sehemu kubwa ya mambo nitakayoyaeleza hayana faini wala askari. Ni adabu tu, ambayo Wajapani wenyewe huiita *manā*, neno walilolikopa kutoka Kiingereza. Kipimo chake ni kwamba sauti yako, mzigo wako, harufu yako na miguu yako viishie kwako, visimfikie aliye jirani.

Hatua ya kwanza: panga saa na mzigo kabla hujatoka nyumbani

Katika miji mikubwa, treni hujaa kupita kiasi siku za kazi kuanzia kama saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Stesheni ya Shinjuku peke yake, mjini Tokyo, hupitiwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa siku. Mtu mwenye sanduku kubwa anayeingia katika msongamano huo anachukua nafasi ya watu wawili au watatu, na hata akiomba radhi vipi, hawezi kulipunguza sanduku lake. Ikiwezekana, safiri baada ya saa nne asubuhi. Ikiwa ndege imefika wakati mbaya, tumia huduma ya kupelekewa mizigo nyumbani, iitwayo *takuhaibin*, ambayo ina vibanda katika viwanja vya ndege na kwa kawaida hufikisha mzigo siku inayofuata. Gharama yake haitakuumiza ukilinganisha na adha ya kuburuta kilo arobaini kwenye ngazi.

Weka fedha za kutosha katika kadi ya nauli, kama vile Suica, ambayo ilianza kutumika mwaka 2001, na uishike mkononi kabla hujafika kwenye geti. Geti hupitisha watu kwa mfululizo kama maji, na anayesimama katikati ili apekue mkoba anazuia msururu mzima nyuma yake. Ikitokea kwamba salio halitoshi na milango midogo ikafunga mbele yako, rudi nyuma na ukae pembeni, kisha uende kwenye mashine ya kuongeza fedha au kwa mhudumu aliye dirishani.

Hatua ya pili: tembea ndani ya stesheni bila kuziba njia

Kwenye ngazi za umeme, desturi ya Tokyo ni kusimama upande wa kushoto, na ya Osaka ni kusimama upande wa kulia, huku upande mwingine ukiachwa kwa wenye haraka. Hata hivyo, siku hizi kampuni za reli zinaomba watu wasimame pande zote mbili na wasitembee kabisa juu ya ngazi hizo, kwa sababu wazee na watu wenye mkono mmoja usio na nguvu hugongwa na wanaopita. Mkoa wa Saitama ulitunga sheria ndogo kuhusu jambo hilo mwaka 2021, na jiji la Nagoya likafuata mwaka 2023. Desturi ya zamani bado haijafa, hivyo usishangae ukiona upande mmoja uko mtupu. Wewe simama, shika kishikio, na usitembee.

Sakafuni utaona mistari ya vigae vya njano vyenye vinundu. Hivyo ni macho ya watu wasioona. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, na vilitandikwa barabarani kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwezi Machi 1967, karibu na shule ya wasioona. Asiyeona hufuata vinundu hivyo kwa fimbo na kwa nyayo, akiamini kwamba njia ni nyeupe. Usisimame juu yake ukiangalia simu, na usiegeshe sanduku juu yake hata kwa dakika moja. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine kwa wageni wangu, kwa kuwa kosa hapa haliishii kwenye kukera, linaweza kumwangusha mtu relini.

Hatua ya tatu: panga foleni, pisha, kisha panda

Jukwaani kuna alama zinazoonyesha mahali mlango wa treni utakaposimama, na treni husimama hapo hapo. Watu hujipanga mistari miwili, na penginepo mitatu, nyuma ya alama hizo. Treni inapoingia, mistari hiyo hugawanyika kulia na kushoto kwa mlango, katikati pakabaki wazi kwa ajili ya wanaoshuka. Hakuna anayeingiza mguu mpaka wa mwisho ameshuka. Anayetoka katika nchi ambako kiti hupatikana kwa kuwahi mlangoni atahisi mwili wake ukimsukuma mbele, na inambidi auzuie kwa makusudi siku chache za mwanzo. Baada ya hapo mwili huzoea.

Jambo linalowapita wageni wengi ni wajibu wa mtu aliyesimama mlangoni kwa ndani. Mlango unapofunguka katika stesheni ambayo si yako, na nyuma yako kuna watu wanaotaka kushuka, unashuka wewe kwanza, unasimama kando ya mlango, unawapisha, kisha unarudi ndani kabla ya wale waliokuwa wakisubiri kwenye foleni. Nililielewa jambo hili kwa kumtazama mtoto. Ilikuwa katika stesheni ya Ochanomizu, asubuhi, na alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi aliyevaa kofia ya njano, umri wake hauzidi miaka saba, akiwa amekumbatia kifuani lile begi gumu la ngozi wanalolibeba wanafunzi wa huko. Mlango ulipofunguka alitoka, akageuka, akabana mgongo wake kwenye ubavu wa behewa kama anayejificha mvua, na watu wazima kumi na zaidi wakapita mbele yake. Walipokwisha, mtu wa kwanza kwenye foleni hakusogea. Alimwachia mtoto nafasi arudi ndani kwanza, naye mtoto akainamisha kichwa kidogo na kuingia. Hapakuwa na neno lililosemwa.

Ikiwa uko katikati ya behewa na watu hawajatambua kwamba unashuka, sema kwa sauti ya wastani, "Sumimasen, orimasu," yaani "Samahani, nashuka." Njia itafunguka. Usisukume kimya kimya kwa kiwiko.

Usikimbilie mlango unaofungwa. Kitendo hicho kina jina lake, *kakekomi jōsha*, na matangazo ya kukikataza husikika karibu katika kila stesheni. Mlango ukikubana, hufunguliwa tena, treni ikachelewa kwa sekunde kadhaa, na treni iliyo nyuma yake nayo ikachelewa. Pengine sekunde chache zitaonekana ni kitu kidogo. Lakini mwaka 2017 kampuni inayoendesha njia ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Katika njia ya mzunguko ya Yamanote, yenye stesheni 30, treni ijayo hufika baada ya dakika chache tu. Huna sababu ya kukimbia.

Hatua ya nne: punguza nafasi unayoichukua

Begi la mgongoni livue kabla hujaingia. Livae kifuani, lishike mkononi usawa wa miguu, au liweke kwenye kichanja kilicho juu ya viti. Aliyelibeba mgongoni hamwoni anayemgonga kila anapogeuka, na ndiyo maana jambo hili limo katika mabango karibu kila mwaka. Mwavuli uliolowa ufunge kwa kamba yake na uushike wima mbele yako, usiuache uchuruzike maji kwenye suruali ya mtu.

Ukipata kiti, kaa ukiwa umenyooka, magoti yakiwa pamoja na mkoba mapajani. Viti vya treni za mjini ni benchi ndefu zinazotazamana, na benchi ya kawaida ni ya watu saba. Katika treni nyingi zimewekwa nguzo mbili zinazoigawa benchi katika sehemu za watu wawili, watatu na wawili, na kiti chenyewe kimebonyezwa kidogo mahali pa kila mtu. Mhandisi aliyefanya hivyo hakuandika amri yoyote, lakini watu saba hukaa saba. Kukunja nne au kunyoosha miguu kunawalazimisha waliosimama wayaruke magoti yako. Kusinzia hakuna ubaya, na utawaona wengi wamelala. Angalia tu kichwa chako kisihamie begani mwa jirani.

Hatua ya tano: nyamazisha simu, na usipokee

Hapa ndipo wageni wetu wengi hukosea, na chanzo chake kinaeleweka. Japani imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa sita. Saa kumi na mbili jioni, wakati mtu anaporudi nyumbani amechoka ndani ya treni, Dar es Salaam na Nairobi ni saa sita mchana, na ndugu wamekaa, wana nafasi, wanapiga simu. Mimi yalinikuta katika wiki yangu ya pili. Mama alipiga, nami sikuweza kuiacha simu ya mama. Nikapokea, na kwa kuwa mtandao ulikuwa ukikatika nikapaza sauti, nikamuuliza hali yake, hali ya shangazi, hali ya mvua. Hakuna aliyenikemea. Watu walitazama chini, na bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alifumba macho kama mtu anayeumwa kichwa. Nilipomaliza, msichana aliyesimama karibu nami alinionyesha kwa kidole kibandiko kidogo dirishani, chenye mchoro wa simu iliyokatwa kwa mstari, kisha akainama kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Aibu ile ninayo hadi leo.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kupanda, iweke simu katika hali ya kimya, ambayo Wajapani huiita *manā mōdo*. Usipige wala usipokee simu ukiwa ndani ya behewa. Kuandika ujumbe, kusoma au kutazama picha kunaruhusiwa. Karibu na viti vya kipaumbele, ambavyo nitavieleza baadaye, ombi la kampuni nyingi ni kuizima kabisa simu wakati wa msongamano. Zamani waliomba izimwe wakati wote, na katika eneo la Tokyo ombi hilo lililegezwa mwezi Oktoba 2015. Simu ya lazima ikiingia, kata, andika neno fupi, "Niko kwenye treni, nitapiga baada ya nusu saa," kisha utimize. Waeleze nyumbani mapema kuhusu tofauti ya saa na utaratibu huu. Mama akielezwa huelewa, na hiyo ndiyo dawa ya kudumu, kwa sababu mwana kuikata simu ya mzazi bila maelezo ni jambo zito kwetu.

Mazungumzo baina ya marafiki hayajakatazwa. Zungumzeni kwa sauti ambayo mtu wa tatu kutoka kwenu hawezi kuyafuata maneno. Tunapokuwa watu wanne au watano wa lugha moja, sauti hupanda zenyewe bila sisi kujua, na kicheko kimoja hujaza behewa. Hivyo ni busara kugawanyika wawili wawili. Anayesikiliza muziki au hotuba atumie vipokea sauti vya masikioni, na avijaribu kwa kuvitoa na kuvishika mbele ya kifua: akisikia mlio, jirani naye anausikia.

Hatua ya sita: chakula, harufu na taka

Katika treni za mjini usile. Kunywa maji kidogo kutoka kwenye chupa yenye kizibo hakuna shida. Marashi makali na mavazi yaliyofukizwa udi, ambayo pwani kwetu ni dalili ya unadhifu, yanaweza kumlemea mtu aliyebanwa bila nafasi ya kugeuza uso. Tumia kidogo siku ya safari. Mapipa ya taka ni machache mno, kwani mengi yaliondolewa katika stesheni baada ya shambulio la gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Beba mfuko mdogo, rudi na taka zako nyumbani.

Hatua ya saba: vitambue viti vya kipaumbele na alama za watu

Mwanzoni au mwishoni mwa kila behewa kuna viti vyenye rangi tofauti, viitwavyo *yūsenseki*, kwa ajili ya wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Vilianza tarehe 15 Septemba 1973, Siku ya Kuwaheshimu Wazee, katika njia ya Chūō mjini Tokyo, na viliitwa viti vya fedha, si kwa sababu ya mvi, bali kwa sababu kitambaa kilichopatikana kwa haraka kilikuwa cha rangi ya fedha, kilichokuwa akiba ya viti vya treni za kasi za Shinkansen. Hakuna anayekukataza kuvikalia vikiwa vitupu. Ushauri wangu kwa kijana mwenye afya ni kuviacha, kwa kuwa ukikaa itakubidi uangalie kila mlango unapofunguka, na ukisinzia utamkosesha mwenye haki.

Haki nyingine haionekani usoni, nayo ndiyo inayotaka jicho. Mjamzito wa miezi miwili haonekani, lakini anaweza kuwa na kichefuchefu kibaya kuliko wa miezi minane. Kwa ajili yake kuna beji ya mviringo ya rangi ya waridi, iliyowekwa na Wizara ya Afya mwaka 2006, yenye maneno yanayosema kwamba tumboni mna mtoto. Mwenye maradhi ya ndani, mguu wa bandia au tatizo lisiloonekana huning'iniza kwenye mkoba kibandiko chekundu chenye msalaba mweupe na moyo, kilichoanzishwa na serikali ya jiji la Tokyo mwaka 2012. Ukiiona alama yoyote kati ya hizo, simama, hata kama umekaa kwenye kiti cha kawaida.

Namna ya kumpisha mtu ina ustadi wake. Simama, sema "Dōzo," yaani "Karibu," kwa sauti ndogo, ukionyesha kiti kwa kiganja kilichofunguka. Mzee akikataa, usimlazimishe. Wapo wasiopenda kuonekana wazee, na wapo wanaoshuka stesheni inayofuata. Njia niliyojifunza kwa wenyeji ni kusimama mapema na kwenda mlangoni kama mtu anayekaribia kushuka. Kiti kinabaki, mzee anakikalia, na hakuna aliyelazimika kushukuru mbele ya watu. Kwetu sisi tuliolelewa kumwamkia mzee kwanza na kumwachia kiti, hii haitakuwa ngeni. Kilichobadilika ni kwamba heshima inatolewa bila kutajwa.

Kuna pia mabehewa ya wanawake peke yao, ambayo kampuni ya Keio iliyaanzisha rasmi mwaka 2001 na nyingine zikafuata, ili kuwakinga wanawake na wanaume wanaowapapasa katika msongamano. Alama zake za rangi ya waridi ziko sakafuni na madirishani, pamoja na saa za matumizi, ambazo mara nyingi ni asubuhi za siku za kazi. Wavulana wadogo wa shule ya msingi, na watu wenye ulemavu pamoja na wanaowasaidia, huruhusiwa. Mwanamume aliyeingia kwa kutojua atoke katika stesheni inayofuata na ahamie behewa jingine. Na mwanamke, awe mgeni au mwenyeji, anayepapaswa asinyamaze kwa kuogopa kuvunja utulivu. Huo ni uhalifu. Apaze sauti na amwite mhudumu wa stesheni.

Hatua ya nane: taratibu za Shinkansen

Treni za kasi zilizoanza tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka zina desturi zao, na baadhi zinalegeza niliyoyasema. Chakula kinaruhusiwa, kuna meza, na kununua *ekiben*, yaani chakula cha boksi kinachouzwa stesheni, ni sehemu ya raha ya safari. Anayetaka kuzungumza kwa simu hutoka na kwenda kwenye ukumbi mdogo ulio kati ya behewa na behewa. Kabla ya kukilaza kiti chako nyuma, geuka umtazame aliye nyuma yako na umwombe ruhusa, hata kwa kuinamisha kichwa tu.

Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa huzidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichowekwa nafasi mapema katika njia za Tōkaidō, Sanyō na Kyūshū. Anayelipandisha bila kufanya hivyo anaweza kutozwa yeni 1,000. Mwisho wa safari, rudisha kiti kama ulivyokikuta na uchukue taka zako. Katika stesheni ya Tokyo, wasafishaji wana dakika kama saba tu za kulitayarisha behewa kabla abiria wengine hawajapanda, na nusu ya kazi yao huamuliwa na ulivyokiacha kiti chako.

Hatua ya tisa: jua wakati wa kuuvunja utulivu

Kitu chako kikianguka relini, iwe kofia au simu, usishuke kukifuata. Mwite mhudumu, ana mkono mrefu wa kuokotea. Mtu akianguka, bonyeza kitufe chekundu cha dharura kilichoko kwenye nguzo za jukwaa, bila kusita na bila kuogopa kulaumiwa kwa kuchelewesha treni. Tarehe 26 Januari 2001, katika stesheni ya Shin-Ōkubo, mwanafunzi kutoka Korea Kusini, Lee Su-hyon, na mpigapicha wa Kijapani, Shirō Sekine, waliruka relini kumwokoa mlevi aliyeanguka, na wote watatu wakagongwa na treni wakafa. Baada ya ajali hiyo vitufe vya dharura, pamoja na nafasi za kujikinga chini ya majukwaa, viliongezwa katika stesheni nyingi. Kila mgeni ninayempokea humwonyesha kitufe hicho siku ya kwanza, kwa sababu siku ya tukio hakuna muda wa kukitafuta.

Hatua ya kumi: mwelekeze mwingine bila kumwaibisha

Anayemfundisha mgeni ana la kujifunza kutoka kwa walioifundisha Tokyo. Mamlaka ya treni za chini ya ardhi za jiji hilo, ambayo tangu mwaka 2004 ni kampuni ya Tokyo Metro, ilianza kutoa mabango ya adabu kila mwezi mwaka 1974. Msanii Hideya Kawakita alitumia sura ambazo watu wanazipenda. Bango moja la mwaka 1976 lilimwonyesha Charlie Chaplin kama mtawala wa mabavu, likimsema abiria anayemiliki viti vya watu wengine. Kati ya mwaka 2008 na 2010 Bunpei Yorifuji alichora mabango ya manjano yenye watu wanaojipodoa, wanaopiga simu na wanaojilaza ovyo, kwa maneno "Tafadhali fanyia nyumbani," na baadaye yakafuata ya kusifu waliofanya vyema, yenye ombi kwamba wafanye tena. Hakuna aliyetajwa jina na hakuna aliyetukanwa. Hata tangazo la kondakta halitoi amri; husema *go-enryo kudasai*, yaani tunaomba ujizuie, na kuongeza kwamba wanaomba ushirikiano wako.

Fuata mtindo huo. Safari ya kwanza na mgeni wako iwe saa nne na nusu asubuhi, katika treni isiyojaa, na fupi, stesheni nne au tano. Mweleze mambo matatu tu kabla ya kupanda: begi mbele, simu kimya, pisha wanaoshuka. Mengine mwache ayaone. Akikosea ndani ya behewa, usimrekebishe mbele za watu kwa Kiswahili cha sauti ya juu, kwa maana hapo makosa yatakuwa mawili. Gusa kiwiko chake, onyesha alama iliyo dirishani, na mengine myazungumze mkishashuka. Mwenye watoto awaonye wavue viatu kabla ya kupanda juu ya kiti kutazama nje, na mtoto akilia kwa nguvu ashuke naye, amtulize kwenye benchi ya jukwaani, wapande treni inayofuata. Kigari cha mtoto si lazima kikunjwe panapokuwa na alama yake, na tangu mwaka 2014 serikali imekuwa ikiwahimiza abiria wengine wampishe mwenye nacho.

Kwa mtu usiyemjua, awe Mjapani au mgeni mwenzako, usijifanye msimamizi. Akipiga kelele za kuudhi au akiwa amelewa, hama behewa, na ikiwa anamtisha mtu, mwarifu kondakta aliye mwishoni mwa treni au mhudumu wa stesheni inayofuata. Na siku utakayokosea wewe mwenyewe, kwa sababu siku hiyo itafika, inamisha kichwa, sema "Sumimasen" mara moja tu, rekebisha, na uendelee na safari yako.